Vizingia vya Maji: Kutoka Nguzo za Daraja la Kilombero Hadi Bahari ya Hindi

Msafiri atokaye Ifakara akielekea Lupiro na Mahenge huvuka leo mto Kilombero juu ya daraja la zege lenye urefu wa mita 384, lililofunguliwa tarehe 5 Mei 2018 na kupewa jina la Rais John Pombe Magufuli, naye aghalabu huvuka bila ya kutazama chini, maana mwendo wa gari haumpi wasaa huo. Lau angalitazama wakati wa masika, mto ulipofura na kugeuka rangi ya udongo, angaliona nyuma ya kila nguzo maji yakijikunja mara upande huu mara upande wa pili, yakifanya kishimo chembamba katikati na kukizungushia povu, mabua na majani ya matete, kisha duara lile likaachana na nguzo na kuteremka na mto, na kabla halijatoweka machoni jingine likazaliwa mahali pale pale. Hicho ni kizingia cha maji. Ni kidogo, hakimtishi mtu aliye juu ya daraja, wala hakidumu. Walakini kanuni inayokizaa ni ndugu wa karibu wa kanuni inayozaa vizingia vya bahari ambavyo mabaharia wamevisimulia tangu zamani kwa hofu na kwa chumvi nyingi.

Huenda msomaji akauliza watu wa bonde hili, waliozungukwa na milima ya Udzungwa upande mmoja na nyanda za juu za Mahenge upande mwingine, wana haja gani na mambo ya bahari iliyo umbali wa takriban kilomita 300. Jawabu ni kwamba maji ya bonde hayana makao mengine ila bahari. Mpanga, Mnyera, Ruhudji, Kihansi na vijito visivyohesabika hushuka milimani na kukutana katika uwanda mpana, ule ambao tangu mwaka 2002 umeandikwa chini ya Mkataba wa Ramsar miongoni mwa ardhioevu zenye thamani kwa ulimwengu mzima. Hapo yanakuwa mto mmoja, Kilombero, ambao ramani za zamani huuita Ulanga. Nao unakwenda kukutana na Luwegu penye maporomoko ya Shuguli, na kutoka hapo ndipo linapoanza jina la Rufiji. Zaidi ya nusu ya maji ya Rufiji hutoka Kilombero. Kwa hiyo tope linalozunguka leo nyuma ya nguzo za Ifakara, likinusurika kuzama katika uwanda na katika Bwawa la Julius Nyerere, litafika siku moja katika mikoko ya delta, mkabala wa kisiwa cha Mafia, na huko litakutana na mizunguko mingine iliyo mikubwa kuliko bonde lote la Kilombero.

Tuanze basi na kilicho karibu. Maji yaendayo kasi hayaendi kasi yote sawasawa. Yale yanayogusa mwamba, ukingo au nguzo yamegandama pale kwa msuguano, yanayofuata yanajikokota, na yaliyo mbali zaidi yanakwenda mbio bila ya kizuizi. Mkondo unapoipiga nguzo ya daraja hugawanyika, ukapita kuume na kushoto kwa haraka, lakini hauwezi kujikunja ghafula ukakutana tena nyuma yake; huachana na nguzo, na nyuma yake hubaki maji mazito wa mwendo, yaliyotulia kama si kurudi kinyume. Sasa kuna mpaka: upande mmoja maji ya mbio, upande wa pili maji ya utulivu, na mpaka huo ni mwembamba sana. Mfinyanzi akiweka donge la udongo baina ya viganja viwili na kiganja kimoja kikasogea mbele ilhali kingine kimetulia, donge halina budi kuviringika. Na ndivyo yanavyoviringika maji yaliyo katika mpaka ule. Kisukosuko kidogo tu, kigogo kilichopita au tuta la mchanga chini ya mto, huutikisa mpaka, mtikisiko hukua, mpaka ukajikunja, na mkunjo ukawa duara linalojitegemea.

Katikati pana kishimo kwa sababu hii: kila kitu kinachokwenda hupenda kwenda moja kwa moja, na maji yanayolazimishwa kuzunguka husukuma kuelekea nje, yakarundikana pembezoni na kupunguka katikati, hata kimo cha maji ya pembeni kikawa na uzito wa kutosha kuyarudisha ndani na mizani ikasimama. Aidha, maji yanayosogea kutoka pembeni kuja katikati huongeza kasi kadiri duara linavyopungua, maana mzunguko wake haupotei ovyo ila kwa msuguano. Ndiyo maana jani lililonaswa katika kizingia huzunguka polepole kwanza, kisha upesi, kisha upesi zaidi, hata macho yasiweze kulihesabia mizunguko yake.

Zaidi ya miaka 500 iliyopita Leonardo da Vinci, yule mchoraji wa Italia, alikaa akichora maji yanavyojisokota nyuma ya vizuizi, na michoro yake ingali inastaajabisha kwa usahihi wake. Hesabu zenyewe zilingoja mpaka mwaka 1858, Mjerumani Hermann von Helmholtz alipozieleza kanuni za mizunguko ya vitu vinavyotiririka. Wavuvi wa Kindamba, ambao mtumbwi kwao ni sawa na miguu, hawakungoja hesabu hizo kujua kwamba nyuma ya gogo lililolala mtoni kuna maji yanayorudi juu, na kwamba anayepanda mto kwa kafi au kwa upondo hujipunguzia taabu akiyafuata maji hayo ukingoni badala ya kupigana na mkondo katikati.

Mto wenyewe umejengwa na mizunguko. Ifakara haifiki mita 300 juu ya usawa wa bahari, na uwanda wake umelala karibu sawasawa, basi Kilombero haina haraka ya kushuka. Hupinda, ikarudi, ikapinda tena, ikaacha nyuma mabwawa yenye umbo la mwezi mwandamo pale ilipokata njia mpya. Katika kila kona maji ya juu, yaliyo mepesi wa mwendo, husukumwa kwenda ukingo wa nje, na hapo hushuka chini, yakarudi ukingo wa ndani kwa kutambaa sakafuni yakiwa yamebeba mchanga. Mzunguko huu umelala ubavu, haufanyi kishimo wala kelele, na mtu anaweza kuogelea juu yake asijue. Lakini ndio unaochimba ukingo wa nje ukabomoka na migomba iliyopandwa juu yake, na ndio unaojenga tuta la mchanga upande wa ndani, ambapo mamba huota jua. Mashimo yenye kina yaliyo chini ya kingo za nje ni makao ya kambale na samaki wengine wakati maji yamepungua, na madago ya wavuvi hayawekwi mbali nayo.

Mizunguko hiyo hiyo huchimba miguu ya madaraja. Maji yanayoipiga nguzo kwa mbele hayapiti kando tu, bali mengine hushuka kwa kufuata nguzo hadi sakafuni, yakajisokota kuizunguka na kuukokota mchanga, na mto uliofura unaweza kufanya kwa usiku mmoja shimo ambalo wakati wa kiangazi lisingefanyika kwa mwezi. Hii ndiyo sababu mhandisi anayejenga juu ya sakafu ya mchanga hazingatii uzito wa magari peke yake, bali hushusha misingi yake chini kabisa ya mahali kizingia kinapoweza kufika. Madaraja mengi duniani yaliyoanguka wakati wa mafuriko hayakuvunjwa na nguvu ya maji iliyopiga juu. Yalichimbuliwa chini kimyakimya.

Kabla ya daraja palikuwa na pantoni na mitumbwi, na wakazi wa wilaya za Ulanga na Malinyi wenye umri wa kutosha wanakumbuka foleni za magari, magunia ya mpunga na wagonjwa wakingoja kuvushwa kwenda hospitali ya Mtakatifu Fransisko ya Ifakara. Mwezi wa Januari 2016 kivuko cha MV Kilombero II kilipinduka na kuzama, na taarifa zilizotolewa zilitaja upepo mkali uliofuatana na mvua. Naitaja ajali hii kwa kuwa kila chombo kinapozama katika maji yanayokwenda, husikika mtu akisema kwamba maji yamekimeza, hali maji hayana kawaida hiyo. Upepo hukisukuma chombo ubavuni kwa juu, mkondo hukisukuma kwa chini, na vikivuta pande mbili mbalimbali, chombo hulala; abiria wakikimbilia upande mmoja, uzito wao huimaliza kazi. Kadhalika MV Spice Islander I, iliyozama karibu na Nungwi usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, katika maji yanayojulikana kwa ukali wa mkondo, ilikuwa imepakia watu kupita kipimo chake, na tume iliyoundwa kuchunguza msiba ule ilisema hivyo.

Mwambao mzima wanamjua chunusi, kile kiumbe kisichoonekana ambacho husemwa humshika muogeleaji miguu na kumvuta chini, na watu wa mitoni nao wana majini, majoka na mizimu yao wakaao penye maji yanayozunguka. Sioni faida ya kuwacheka. Mama aliyemkataza mwanawe kuoga penye kona fulani ya mto kwa kuwa pana chunusi alimwokoa mwanawe, na hilo ni zaidi ya walivyofanya waandishi wengi wa maonyo. Lakini maarifa yana nyongeza yake: panapokuwa na maji yanayoshuka, pembeni yake pana maji yanayopanda, maana mto hauna tobo sakafuni la kuyapokea. Kizingia cha mtoni humnyima mtu pumzi kwa muda na kumchosha. Anayekufa aghalabu amekufa kwa kupigana nacho akielekea kule alikotoka, mpaka nguvu zikamwishia.

Tukienda baharini, jambo la kwanza linaloongezeka ni mwezi. Kujaa na kupwa kwa maji, kunakosababishwa na mvuto wa mwezi na jua, huifanya bahari yote kuwa mto unaogeuza njia yake kila baada ya saa 6 na kidogo, na mto huo ukilazimika kupita katika mlango mwembamba, yale tuliyoyaona nyuma ya nguzo hutokea kwa ukubwa wa kutisha. Huko Norway, karibu na mji wa Bodø, kuna mlango uitwao Saltstraumen, wenye upana wa mita 150 tu, ambamo maji yapatayo mita za ujazo milioni 400 hupita kila maji yanapojaa au kupwa, kwa kasi ambayo huweza kukaribia noti 20, yakizungusha vizingia vyenye upana wa mita 10. Kaskazini zaidi ya hapo, katika visiwa vya Lofoten, ndiko kuliko Moskstraumen, ambao Mmarekani Edgar Allan Poe aliutungia hekaya mwaka 1841 akaufanya kuwa shimo linalomeza meli nzima. Na dunia ya wasomaji ikamwamini mtunga hekaya kuliko wavuvi wa Lofoten, ambao wameendelea kuvua humo kwa kuchagua saa yao.

Kisa cha kweli zaidi ni cha George Orwell. Mwaka 1947 mwandishi huyu wa Kiingereza alikuwa akiishi katika kisiwa cha Jura, Scotland, akiandika kitabu chake cha mwisho, na siku moja ya Agosti akarudi kwa mashua ndogo pamoja na mwanawe mdogo na watoto wa dada yake, akakosea kusoma saa za maji, akaingia pembeni mwa vizingia vya Corryvreckan. Chini ya bahari pale pana jabali limesimama mfano wa nguzo, ncha yake ikiwa mita 29 tu chini ya uso wa maji, na mkondo wa bahari unapolipiga hufanya yale yale ya Kilombero. Vizingia viling'oa mashine ya mashua ikazama. Wakavuta makasia mpaka kisiwa kidogo cha mawe, mashua ikapinduka walipokuwa wakishuka, wakaokolewa na wavuvi waliopita. Hakuna aliyemezwa. Waliponea kwa kuwa walikuwa pembeni na kwa kuwa maji yalikuwa yameanza kutulia, yaani kwa bahati, na bahati si nahodha wa kutegemewa.

Mwambao wetu hauna Saltstraumen. Bahari ya Unguja na Dar es Salaam hupanda na kushuka kiasi cha mita 4 wakati wa bamvua, kipimo kisicho haba, lakini milango yetu mingi ni mipana, na maji hupata nafasi ya kupita bila ya kusongamana. Hata hivyo mwenye kutaka kuona aende Mafia, kwenye Mlango wa Kinasi, ambapo Ghuba ya Chole hujazwa na kumwagwa kila siku kupitia pengo katika matumbawe. Wapiga mbizi wa huko huingia maji yakiwa yamesimama, baina ya kujaa na kupwa, na anayechelewa huchukuliwa. Kwenye rasi na ncha za miamba, kuanzia Nungwi hadi visiwa vya Pemba, manahodha wa jahazi na ngalawa huyajua maji yanayochemka bila ya upepo, na huyapitia mbali wakati wa bamvua, kisha huyakatiza bila ya wasiwasi wakati wa maji mafu.

Sasa tumefika kwenye jambo ambalo watu wengi wamefundishwa nusu yake. Inasemwa kwamba dunia kwa kuzunguka kwake huamua kila maji yazunguke upande gani, na kwamba kaskazini ya ikweta maji hugeuka kushoto na kusini yake hugeuka kulia. Pale Nanyuki, Kenya, barabara inapokata mstari wa ikweta, watalii huonyeshwa beseni lenye tobo na vijiti vya kibiriti vikielea. Mwonyeshaji husogea hatua chache kaskazini maji yakazunguka hivi, hatua chache kusini yakazunguka vile, na juu ya mstari wenyewe yakashuka bila ya kuzunguka. Ni tafrija nzuri na riziki ya halali kwa anayeifanya, lakini siri imo mikononi mwake na katika namna anavyoligeuza beseni. Nguvu ile ya mzunguko wa dunia, aliyoieleza Mfaransa Gaspard-Gustave Coriolis mwaka 1835, ni ya kweli. Ila ni dhaifu mno, na karibu na ikweta ni kama haipo. Mwaka 1962 Ascher Shapiro wa chuo cha MIT, Marekani, alihitaji bwawa la duara lenye upana wa karibu mita 2, na kuliacha litulie siku nzima, kabla hajaona dunia ikiyageuza maji yake yalipotolewa. Kizingia cha nguzo za Kilombero hukamilisha duara kwa sekunde chache, na dunia huhitaji siku nzima kukamilisha lake. Kwa hiyo mto wetu hauna habari na ikweta, na vizingia vyake huzunguka pande zote mbili kwa kupokezana.

Lakini mzunguko ukiwa na upana wa kilomita mia na zaidi, na ukichukua siku nyingi kukamilika, basi dunia hupata wakati wa kutia mkono wake, na hapo ndipo tunapokutana na vizingia vya kweli vya bahari muhit. Havionekani kwa macho. Nahodha anaweza kukaa ndani ya kimoja wiki nzima, akidhani anakwenda kaskazini kwa tanga zuri, kumbe maji yaliyombeba yanampeleka mashariki.

Kikubwa kuliko vyote katika bahari yetu hukaa mbele ya pwani ya Somalia, kusini ya Ras Hafun, na wanasayansi hukiita Kizingia Kikubwa. Upepo wa Kusi unapokolea, mkondo wa pwani yetu, ambao mwaka mzima hukwea kutoka kusini kupita Mafia, Unguja na Pemba, haukomei mpaka wa Kenya bali huvuka ikweta na kukimbia kando ya Somalia kwa kasi inayoweza kuzidi mita 2 kwa sekunde; kisha hugeuka kuelekea bahari kuu, na sehemu ya maji yake hurudi kusini, ikafunga duara lenye upana wa kilomita 500 hivi, linalozunguka kwa kufuata akrabu za saa. Ajabu ni kwamba dalili zake huanza kabla Kusi haijashika nguvu, kwa sababu mawimbi mapana na mazito wa mwendo, yatokayo mashariki ya Bahari ya Arabu, yameshaufika mwambao na kuyatayarisha maji. Uchunguzi uliotolewa mwaka 2019, uliokusanya vipimo vya setilaiti vya miaka 23, ulikuta kwamba kizingia hiki hudumu kwa wastani wa karibu siku 200 kila mwaka, na kwamba kinapokomaa eneo lake huwa kiasi cha kilomita za mraba 275,000, ambazo ni zaidi ya robo ya Tanzania nzima.

Al-Masudi, mwanahistoria wa Baghdad aliyeabiri kutoka kisiwa cha Qanbalu kwenda Oman mwaka 916, aliandika kwamba katika bahari zote alizozipita hakuona iliyo na hofu kuliko hii ya Zanj, yaani ya mwambao wetu, na akayafananisha mawimbi ya upande wa Hafun na milima. Msomaji wa zama zetu anaweza kudhani ni chumvi ya msafiri. Akitazama ramani ataona kwamba njia ya mzee yule ilipita hasa mahali ambapo upepo mkali kuliko wote wa Bahari ya Hindi hukutana na mkondo unaozunguka, na upepo ukipambana na mkondo, wimbi husimama wima. Manahodha wa majahazi ya Oman na Lamu walilijua hilo bila ya setilaiti: walirudi kwao kwa mwanzo wa Kusi, na wakati Kusi imepamba moto, katikati ya mwaka, walihesabu bahari kuwa imefungwa, wakavuta vyombo pwani na kuvipaka deheni.

Na tofauti moja kati ya kizingia hiki na kile cha Ifakara inafaa kukaziwa macho, kwa kuwa inapindua mawazo ya kawaida. Cha mtoni kina kishimo katikati. Hiki cha Somalia kina kilima. Kwa kuwa dunia huyasukuma maji ya kaskazini ya ikweta kuelekea kulia kwa mwendo wao, maji yanayozunguka kwa kufuata akrabu za saa husukumwa kuja ndani, yakarundikana, na uso wa bahari pale huinuka kuliko kandokando kwa kimo cha makumi kadhaa ya sentimita. Hakuna jicho linaloweza kuuona mwinuko huo uliotandazwa juu ya mamia ya kilomita, ila setilaiti zinazopima kimo cha bahari, ambazo tangu mwaka 1992 hazijaacha kuipima. Vizingia vya namna nyingine, ambavyo huzunguka kinyume, huwa na bonde katikati, na hivyo huvuta juu maji ya baridi ya kilindini, yenye rutuba inayolisha mimea midogo ya bahari, inayolisha vidagaa, vinavyolisha jodari. Ndiyo maana katika Mlango wa Msumbiji, ambamo vizingia vyenye upana wa kilomita 300 na zaidi hushuka kusini kimoja baada ya kingine, ndege wa baharini na meli za wavuvi wa jodari hufuata pembezoni mwa mizunguko hiyo. Vikishatoka huko husaidia kuuchokoza mkondo wa Agulhas, ambao chini ya Afrika Kusini hukata vipande vyake vyenyewe na kuvitupa Atlantiki, na baadhi ya vipande hivyo huishi miaka miwili au mitatu vikielea kuelekea Marekani ya Kusini.

Vifo vya vizingia vyote ni vya namna moja. Kikubwa huzaa vidogo, vidogo huzaa vidogo zaidi, na vilivyo vidogo kabisa huzimwa na unato wa maji yenyewe, mwendo ukageuka kuwa joto lisilohisika. Cha Ifakara humaliza umri huo kabla ya pantoni ya zamani kufika ng'ambo. Cha Somalia huumaliza baada ya miezi, Kusi inapokata na Kaskazi ikaanza kuyarudisha maji njia nyingine.

Daraja limewaondolea wengi wa bonde hili haja ya kuingia mtoni, lakini halijamwondolea mvuvi, wala mkulima wa mpunga aliye ng'ambo ya kijito kisicho na daraja, wala mtoto apendaye kuoga. Kwao neno ni hili: wakati mto umefura, chombo kipite mbali na nguzo na magogo, na hasa upande wa chini wa mkondo, watu wakae, wasisimame, mzigo uwe chini ya kipimo, na boya la kujiokolea livaliwe mwilini, lisiwekwe chini ya gunia. Aliyenaswa asielekee alikotoka. Alale juu ya maji, ayaache yamzungushe, na yakimfikisha upande unaotazama chini ya mto aogelee kwa nguvu zake zote kutoka nje ya duara, kisha aende ukingoni kwa mshazari. Na kwa wa pwani, Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutangaza kila siku hali ya upepo na mawimbi. Tangazo hilo lisikilizwe kabla ya tanga kukwezwa.